Sauti Isiyokata

Tukiwa wodini mwaka wa nne, nilipangiwa kijana wa miaka 27, mpakia mizigo sokoni. Alikuwa mzima kabisa hadi siku alipojitwisha gunia, akasikia maumivu makali kifuani. Toka hapo pumzi ikawa shida, miguu ikavimba. Nilimsikiliza haraka haraka, nikaandika kwenye faili: sauti ya ziada moyo unaposukuma, vali mbovu. Nikajiona nimemaliza.

Kwenye raundi daktari bingwa akaniuliza, "Presha yake umeiona?" Ilikuwa 130 kwa 40. "Haya, sikiliza tena. Uniambie sauti inakata wapi."

Jamani, haikukata! Moyo ukisukuma inavuma, ukipumzika inavuma.

Maana yake damu inatoka penye presha kubwa kwenda penye presha ndogo muda wote. Wengi wetu tungekimbilia ule mshipa wa mtoto tumboni, unaounganisha aota na ateri ya mapafu, uliokataa kujifunga baada ya kuzaliwa. Lakini sauti yake husikika zaidi chini ya mtulinga wa kushoto, tena haianzi ghafla ukubwani. Ya huyu ilikuwa chini zaidi, kando ya kidari.

Kipimo cha eko kikatoa jibu. Aota inapoanzia kuna vifuko vitatu, vinaitwa sinasi za Valsalva, kwa jina la mwanaanatomia wa Italia, Antonio Maria Valsalva. Mtu akizaliwa na ukuta dhaifu pale, kifuko kimoja, mara nyingi cha kulia, hutuna polepole bila dalili. Kikipasuka, damu ya aota humwagikia vyumba vya kulia vya moyo. Ndiyo maana presha ya chini hushuka, na moyo huelemewa. Usiporekebishwa, hushindwa.

Kwenye upasuaji, mashine hushika kazi ya moyo na mapafu, na moyo husimamishwa kwa dawa yenye potasiamu. Aota hufunguliwa, mara nyingi pamoja na chumba kilichopokea damu. Kifuko kilichotuna hukatwa, tundu huzibwa kwa kiraka. Kabla ya kufunga hukaguliwa vali ya aota na ukuta kati ya ventrikali, maana tundu la pale huandamana sana na tatizo hili.

Kijana aliondoka akitembea. Kwa faili langu peke yake, angebaki kwenye vidonge vya kupunguza maji huku tundu liko wazi.

Basi mwenzangu, mgonjwa akianza kuhema ghafla, soma namba zote mbili za presha. Na usitoe stetoskopu masikioni kabla hujajua sauti inakata wapi.