SOMO: KLACHI YA PIKIPIKI ISIYOACHIA

Madhumuni: Baada ya somo hili, katibu, mjumbe wa bodi na mpanda pikipiki wa chama waweze kuitambua klachi isiyoachia, kutafuta chanzo chake kwa utaratibu, na kuamua ni lini fundi aitwe.

1. Kwa nini jambo hili linakihusu chama

Msimu wa kahawa unapofunguliwa, pikipiki ndiyo miguu ya chama cha msingi. Katibu aliyeko Ihanda hupanda na kushuka vilima vya Karagwe kutoka kituo kimoja cha kukusanyia kahawa hadi kingine. Pikipiki ikilala, taarifa hazifiki, na mkulima aliyekwisha kuanika kahawa yake hungoja. Tena, gharama za matengenezo hutoka katika mfuko wa wanachama wote. Kwa hiyo injini isifunguliwe kwa kubahatisha.

2. Kazi ya klachi

Klachi huunganisha nguvu ya injini na gia, na huitenganisha mpanda anapotaka. Katika pikipiki nyingi zitumikazo vijijini, ndani ya klachi mna sahani za aina mbili zilizopangwa kwa kupokezana: zenye utando wa msuguano na za chuma tupu. Zote huoga katika oili ya injini. Springi huzibana, nazo huzunguka pamoja. Mkono wa klachi uvutwapo, waya huvuta wenzo ulioko kwenye injini, nguvu ya springi hushindwa, na sahani huachana. Nafasi ya kuachana ni ndogo mno. Waya ukilegea kupita kiasi, sahani huendelea kugusana.

3. Dalili

(a) Pikipiki hujongea mbele, au injini huzimika, gia ya kwanza iingizwapo ingawa mkono wa klachi umevutwa hadi mwisho.
(b) Gia huingia kwa ugumu na kwa kishindo.
(c) Nyutro haipatikani pikipiki ikiwa imesimama na injini inanguruma.

Dalili hizi zisichanganywe na za klachi inayoteleza. Klachi ikiteleza, injini hupaza sauti mlimani lakini mwendo hauongezeki. Hayo ni magonjwa mawili yaliyo kinyume, na dawa ya moja huweza kuuzidisha mwingine. Mpanda aliyeulegeza waya ili kuponya utelezi asishangae klachi ikikataa kuachia.

4. Uchunguzi: kutoka nje kwenda ndani

Hatua ya kwanza: ulegevu wa mkono. Injini ikiwa imezimwa, mkono wa klachi uvutwe polepole hadi uanze kuwa mzito. Kwa pikipiki nyingi ndogo, ncha ya mkono husogea kiasi cha milimita 10 hadi 20 kabla ya kufikia hapo. Kitabu cha pikipiki yenyewe ndicho mwamuzi. Ulegevu ukizidi, nati ya kufungia ilegezwe, skrubu ya kurekebishia izungushwe hadi kipimo kipatikane, kisha nati ikazwe. Ulegevu usiondolewe wote, kwani klachi itateleza na sahani zitaungua.

Hatua ya pili: waya. Usukani ugeuzwe kushoto na kulia, ulegevu usibadilike. Waya ulioanza kukatika nyuzi ubadilishwe, usiungwe. Waya mzima lakini mzito kwa vumbi na matope usafishwe na kutiwa oili nyepesi. Wenzo wa kwenye injini nao utazamwe kama unakwenda na kurudi bila kukwama.

Hatua ya tatu: oili. Kimo chake kipimwe pikipiki ikiwa wima mahali tambarare. Oili iliyozidi, au iliyo nzito kuliko iliyoagizwa, huzigandamanisha sahani. Katika asubuhi za baridi, kujongea kidogo kunakokwisha injini ipatapo moto si ugonjwa mkubwa. Kusikokwisha ni dalili ya kufuatwa.

Hatua ya nne: sahani zilizoshikana. Pikipiki iliyokaa muda mrefu bila kutumika huweza kushikana sahani. Injini ipashwe moto katika nyutro, izimwe, gia ya juu iingizwe, mkono wa klachi uvutwe, na pikipiki isukumwe mbele na nyuma hadi gurudumu liachie.

Hatua ya tano: fundi. Hatua nne zikishindwa, ndipo kifuniko cha klachi kifunguliwe. Fundi atazame sahani za chuma zilizopinda kwa joto, springi zisizolingana urefu, na makovu yaliyochimbwa na sahani katika kingo za kikapu cha klachi. Kubadilisha sahani na kukiacha kikapu chenye makovu makubwa ni kutumia fedha za chama mara mbili.

5. Usalama

Klachi isiyoachia huweza kuisukuma pikipiki mbele penye watu. Ikitokea hivyo, mpanda afunge mafuta mara moja, ashike breki zote mbili na kuzima injini. Pikipiki hiyo isipewe mzigo wala abiria mpaka itengenezwe.

6. Kinga

Sahani nyingi hupinda kwa sababu ya mazoea ya mpanda: kupanda kilima kwa gia kubwa huku mkono wa klachi umeshikwa nusu, au kupakia magunia kupita uwezo. Gia ndogo itumike mapema, na mkono uachwe kabisa gia ikisha kuingia. Chama kiwe na daftari ya pikipiki inayoonyesha tarehe ya kubadilisha oili, kurekebisha waya na kila kifaa kilichonunuliwa. Waya mmoja wa akiba uwekwe ofisini kabla ya msimu.

Maswali ya majadiliano

1. Fundi anashauri sahani zote zibadilishwe kabla ya kupima ulegevu wa mkono. Bodi imjibu nini?
2. Ni tofauti gani iliyopo kati ya klachi inayoteleza na isiyoachia?
3. Katika chama chenu, ni nani anayetunza daftari ya pikipiki, na ilikaguliwa lini mara ya mwisho?