Mafuta ya Karanga na Swali la Lebo

Mwenye mzio wa karanga hudhuriwa na protini za karanga, si na mafuta yenyewe. Kinga ya mwili wake huzidhania protini hizo kuwa ni adui, na mapambano yanayofuata yaweza kumziba koo na hata kumwua. Je, biskuti iliyotiwa mafuta ya karanga yaweza kuuzwa bila lebo yake kuzitaja karanga?

Jibu hutegemea namna mafuta yalivyotengenezwa. Yaliyokamuliwa na kuchujwa tu hubaki na chembechembe za protini. Yanayosafishwa kiwandani huondolewa gundi kwa maji, asidi kwa magadi makali, rangi kwa udongo maalumu, na harufu kwa mvuke wa joto kali. Protini karibu yote hupotea humo. Mwaka 1997 watafiti wa Uingereza walieleza jaribio la watu 60 wenye mzio huo: mafuta ghafi yaliwadhuru 6, yaliyosafishwa hayakumdhuru hata mmoja.

Sasa tufanye hesabu. Wataalamu walioitwa na FAO na WHO walipendekeza miligramu 2 za protini ya karanga kuwa kiwango cha rejea. Tuseme mafuta yana miligramu 1 ya protini katika kila kilo: anayekula gramu 50 hupata miligramu 0.05, yaani sehemu moja ya arobaini ya kiwango hicho. Yakiwa na miligramu 100, hupata miligramu 5. Mmea ni uleule, hatari si ileile.

Ugumu umo katika kupima. Kipimo cha nitrojeni ni butu mno kwa viwango hivi. Kipimo kinachotumia kingamwili ni chepesi zaidi, lakini protini iliyobadilishwa umbo na joto yaweza kukipita bila kutambuliwa. Wala sampuli moja haitoshi, kwani kiwanda hakisafishi sawasawa kila siku.

Sheria ya Marekani ya mwaka 2004 huyasamehe mafuta yaliyosafishwa sana, ya karanga yakiwamo. Umoja wa Ulaya umeyasamehe ya soya yaliyosafishwa kikamilifu, si ya karanga. Mimi naafiki tahadhari ya Ulaya, maana mlaji hana njia ya kujua mafuta yake yalisafishwa kwa kiasi gani. Ama mafuta ya mashine ndogo za kukamulia vijijini mwetu, hayo hayamo katika ubishi huu: ni ghafi, na karanga hazina budi kutajwa.