Baiskeli, mteremko na joto

Kikundi cha waendesha baiskeli kikitoka Nanyuki, zaidi ya mita 1,900 juu ya bahari, kupitia Isiolo na Wajir hadi Mandera, isiyofika mita 300, huacha baridi na kuingia jangwani. Kwenye mteremko upepo hukausha jasho, mtu akadhani hajapoteza maji. Mwili huhitaji siku 7 hadi 14 kuzoea joto. Basi siku za kwanza endesheni alfajiri tu. Chunganeni. Mwenzenu akiyumba na kupayuka, huo si uchovu: mwili umeshindwa na joto. Mlazeni kivulini, mvueni nguo, mmwagieni maji mwili mzima huku mkimpepea, kisha mumkimbize hospitali. Akizirai, msimnyweshe chochote. Kungoja apumzike kwanza kwaweza kumuua.