SOMO: MBWA WA TERVUREN, MWENYE MANYOYA MAREFU



Wengi wenu munajua jina la Tervuren kwa somo la historia. Ni pale karibu na Bruxelles ambapo mwaka 1897 watu 267 wa inchi yetu walipelekwa kuonyeshwa kwa Wabelgiji. Saba walikufa, na makaburi yao iko kule hata leo. Basi nilipokuta jina hilo katika kitabu, na kumbe ni jina la mbwa, nilishangaa, nikasoma mpaka mwisho.

1. Asili yake

Zamani wachungaji wa kondoo wa Ubelgiji walikuwa na mbwa wa kila namna. Tarehe 15 Novemba 1891 Profesa Adolphe Reul, mwalimu wa unganga wa nyama kule Cureghem, aliita watu walete mbwa wao. Wakakusanyika mbwa 117. Akaona kama umbo ni moja, manyoya tu ndiyo inaachana. Leo tunahesabu aina 4, kila moja na jina la mahali: Groenendael (marefu, meusi), Tervuren (marefu, rangi ingine), Malinois (mafupi) na Laekenois (magumu).

2. Umbo

Dume ana urefu wa santimetre 62 hivi begani na kilo 25 mpaka 30. Jike ana santimetre 58 na kilo 20 mpaka 25. Masikio inasimama. Tervuren mwekundu ana uso mweusi, na ncha za manyoya yake ni nyeusi. Kichwani manyoya ni mafupi; shingoni, nyuma ya mapaja na mukiani ni marefu. Chini yake kuna manyoya mengine laini, yenye kusongana, ya kuzuia baridi na mvua.

3. Tabia

Huyu hawezi kukaa bure. Anapenda kukimbia akizunguka, sawa vile anazunguka kondoo. Akikosa kazi anaharibu vitu na kubweka ovyo. Anasikia sauti ya upole. Ukimupiga, anakuwa mwoga, na mbwa mwoga anauma upesi.

4. Kumutunza

a) Umupitishie brosi kila juma, wakati manyoya inaanguka, kila siku. Anza nyuma ya masikio na mapaja, ndiko inafungana.
b) Usimunyoe eti asikie baridi. Manyoya inamulinda na jua pia.
c) Umutafutie kupe, umukate makucha, umupe maji na kivuli.
d) Apigwe sindano ya kukinga kichaa cha mbwa.
e) Ukoo huu unajulikana kwa kifafa. Mwenye kifafa asizalishwe.

5. Sisi je?

Mutasema: huku hatuna Tervuren. Ni kweli. Lakini tuko na ule mbwa wa mlinzi, nyuma ya jiko. Muhula uliopita aliuma mtoto wa mwaka wa pili. Wengi walisema auawe. Alifungwa siku 10 kwa kuangaliwa; hakuwa na ugonjwa. Sasa niseme ukweli: tulikuwa tunamutupia mawe kila jioni, na mimi, mkubwa wenu, nilikuwa kati ya wale wa kwanza. Mtoto alipigwa sindano juu ya makosa yetu. Ninamuomba musamaha hapa, mbele ya wote.

Tangu siku ile ninamupelekea mabaki ya bugali. Sasa ananikaribia, lakini nikiinama kuokota kitu, anakimbia bado.

Mukumbuke: mtu akiumwa na mbwa, osha kidonda na maji na sabuni dakika 15, halafu hospitali siku ile ile. Musingoje.

Maswali:
1. Taja aina 4 za mbwa wa Reul.
2. Sababu gani hatunyoi Tervuren?
3. Jioni hii, nani atatupa jiwe, na nani atamukataza?

Mkubwa wa wanafunzi, mwaka wa 6