Mazungumzo Kama Tiba: Kazi ya Muuguzi kwa Mgonjwa wa Akili

Mtu aliyevunjika mguu hufungwa plasta, na mfupa huunga. Maradhi ya akili hayafungwi plasta. Dawa zake zipo, nazo zina manufaa makubwa. Lakini muuguzi anayeshinda wodini pamoja na mgonjwa ana chombo kingine cha tiba, nacho ni namna yake ya kusikiliza na kusema.

Mwaka 1952 ulikuwa na mambo mawili makubwa katika fani hii. Mjini Paris, madaktari Jean Delay na Pierre Deniker walitangaza matokeo ya kuwatibu wagonjwa wa akili kwa klopromazini. Nchini Marekani, muuguzi Hildegard Peplau (1909–1999) alichapisha kitabu kilichoeleza kwamba uhusiano baina ya muuguzi na mgonjwa ni sehemu ya tiba yenyewe. Wawili hao hukutana wakiwa wageni, hushughulikia shida ya mgonjwa kwa pamoja, kisha huagana mgonjwa akiwa amepata nguvu ya kujitegemea.

Peplau aligawa wasiwasi katika ngazi nne: mdogo, wa kadiri, mkubwa na taharuki. Kadiri wasiwasi unavyopanda, ndivyo uwezo wa mtu wa kutambua mambo unavyopungua. Kwa sababu hiyo mgonjwa mwenye taharuki hahubiriwi; huambiwa maneno machache, mafupi na ya upole.

Njia zinazofaa

Ya kwanza ni kusikiliza na kuvumilia kimya. Mgonjwa anaponyamaza huenda anatafuta neno. Muuguzi anayekimbilia kuujaza ukimya humnyang'anya nafasi hiyo.

Ya pili ni swali lililo wazi. "Umelala vizuri?" hujibiwa kwa ndiyo au hapana. "Usiku wako ulikuwaje?" humfungulia mgonjwa mlango wa kueleza.

Ya tatu ni kumrudishia mgonjwa maana ya maneno yake, ili ajue kwamba ameeleweka, au asahihishe kama hakueleweka.

Ya nne ni kueleza hali halisi pasipo kubishana. Mathalani, mzee mmoja anasema: "Sista, wananiita tena. Huwasikii?" Muuguzi akijibu, "Acha upuuzi, hakuna mtu," amemdharau. Akijibu, "Nawasikia," amemdanganya na kuyatia nguvu maradhi. Jibu lifaalo ni hili: "Baba, mimi sizisikii sauti hizo, lakini naona zinakutisha. Nitakaa nawe hapa." Ukweli umesemwa, na hofu ya mzee imeheshimiwa.

Makosa ya kuepukwa

Kosa la kawaida hutokana na huruma. "Usijali, yatakwisha" ni maneno mema, lakini mara nyingi hufunga mazungumzo, kwani mgonjwa huona shida yake imepunguzwa uzito. Vivyo hivyo swali "Kwa nini ulifanya hivyo?" husikika kama shitaka, na mtu aliyeshitakiwa hujitetea badala ya kujieleza.

Jambo zito zaidi hutokea mgonjwa anaposema: "Nimechoka, heri nisingekuwapo." Wengi huogopa kumwuliza kama anafikiria kujiua, wakidhani swali litampandikizia wazo hilo. Utafiti haukuthibitisha hofu hiyo. Muuguzi hana budi kuuliza kwa utulivu na kwa maneno ya wazi: "Dada, je, unafikiria kujiua?" Jibu likiwa ndiyo, hamwachi peke yake, huondoa vitu vya hatari vilivyo karibu, na humwarifu daktari mara moja. Wala haahidi kulifanya jambo hilo siri. Siri za mgonjwa hutunzwa, lakini si siri inayoweza kumgharimu uhai.

Ustadi huu haumalizi maradhi peke yake, wala haushiki nafasi ya dawa. Hata hivyo humsaidia mgonjwa kumwamini anayempa dawa, na humwezesha muuguzi kutambua mapema dalili ambazo kipimajoto hakiwezi kuzionyesha.

Maswali

1. Eleza kwa nini mgonjwa mwenye taharuki huambiwa maneno machache.
2. Geuza swali hili liwe wazi: "Bado una huzuni?"
3. Mwanafunzi anamwambia mwenzake, "Nitakueleza jambo, lakini uape hutamwambia mtu." Jadilini darasani jibu lifaalo, na sababu zake.