SOMO LA USALAMA KAZINI: MBWA AKIWA JUU YA MEZA



Somo lililopita lilihusu ngazi na usafishaji wa madirisha ya juu. Leo somo letu ni mbwa. Wapo watakaocheka na kusema chama cha wafanyakazi kimeishiwa maneno mpaka kinawasemea mbwa. Wacheke, lakini wasome. Mbwa wa thamani akivunjika mguu juu ya meza, hakuna atakayemwuliza mbwa. Atakayeulizwa ni mfanyakazi.

Kwanza tuelewane ni kazi gani tunayoizungumza. Hapa Lilongwe, katika mitaa kama Eria 10, Eria 12 na Eria 43, ziko nyumba zenye mbwa wa kizungu wenye manyoya marefu. Mbwa hao hutakiwa kuoshwa, kuchanwa, kukatwa kucha na kunyolewa kwa mtindo maalum. Wengine wana vyeti vya kuonyesha mpaka babu zao, na bwana zao huwatunza kama mbwa wa maonyesho. Maonyesho ya mbwa ni jambo la siku nyingi. Yale makubwa ya Uingereza yaitwayo Crufts yalianza London mwaka 1891, na kwa upande wetu wa Afrika chama cha East Africa Kennel Club huyafanya Nairobi. Katika maonyesho hayo mbwa mdogo hupandishwa mezani ili mwamuzi amkague meno, mgongo na miguu. Kwa hiyo hata nyumbani husafishwa juu ya meza, apate kuzoea kusimama kimya huku akishikwa na mtu asiyemjua.

Meza inamsaidia mfanyakazi pia. Mtu aliyeinama sakafuni saa mbili akichambua manyoya, jioni kiuno kitamweleza. Basi hatusemi meza iondolewe. Tunasema hatari yake ijulikane, tena ijulikane kwa pande zote mbili, mwenye mbwa na mwenye brashi.

Hatari kubwa kuliko zote ni kitanzi. Meza za kununua huwa na mkono wa chuma uliosimama pembeni, na kutoka juu yake unaning'inia mkanda wenye kitanzi cha kumvika mbwa shingoni. Pasipo na meza ya namna hiyo watu hufunga kamba kwenye msumari au kwenye boriti ya baraza, na hiyo ni mbaya zaidi. Kazi ya kitanzi ni kumkumbusha mbwa asimame mahali pake. Hakikuwekwa ili afungwe kama mbuzi mnadani, mtu akaenda zake. Mbwa akiruka au akiteleza huku kitanzi kiko shingoni, miguu yake haifiki chini, na uzito wote wa mwili unabaki kooni. Hatabweka, maana koo limebanwa. Ndiyo sababu mtu aliye jikoni, hatua kumi tu kutoka hapo, hasikii kitu. Dakika chache zinatosha kumwua.

Kwa hiyo sheria ya meza ni moja: mbwa akiwa juu, mkono wako mmoja uwe juu yake. Ukitaka sabuni iliyo mbali, ukiitwa, ukitaka kwenda haja, vua kitanzi kwanza, mshushe mbwa chini, ndipo uondoke. Usibadili mpangilio huo hata kama ni nusu dakika. Kitanzi kisibane, vidole viwili vipite kati yake na shingo. Kifungwe kwa ndoano inayofunguka kwa mvuto mmoja, si kwa fundo ambalo litataka kisu siku ya hatari. Mnyororo wa shingoni unaojikaza wenyewe usitumike mezani kabisa.

Sasa tujiulize swali ambalo vitabu vya mbwa haviliulizi. Ni nani anayemwondoa mfanyakazi pale mezani? Si uvivu wake. Gari limepiga honi getini. Dona ameita kutoka sebuleni. Chungu kinafurika. Mtoto ameamka. Katika nyumba nyingi mtu mmoja ndiye mwosha mbwa, ndiye mlinda geti, ndiye mpishi, na yote hayo katika saa ile ile. Mwajiri anayetaka mbwa wake awe salama lazima akubali kwamba saa ya mbwa ni saa ya mbwa, na geti litafunguliwa na mtu mwingine. Mkubaliane kabla kazi haijaanza, si baada ya ajali. Kusema hivi si utovu wa adabu. Sema: "Dona, nikimshika mbwa mezani sitaweza kufungua geti. Nikimwacha anaweza kujinyonga. Nani atafungua?" Mwenye mbwa yeyote mwenye akili ataelewa maneno hayo, kwa kuwa yanamtetea mbwa wake.

Ndugu mmoja mwenye asili ya Kivu, aliyekuwa akitoka Dzaleka kwenda kufanya kibarua mjini, aliitwa getini akiwa anamchana mbwa mdogo. Hakukuwa na kitanzi siku hiyo. Mbwa aliruka ili amfuate, akavunjika mguu wa mbele. Mbwa wadogo wa namna hii wana mifupa ya miguu myembamba kama kijiti, na kuruka kutoka meza ya kimo cha kiuno cha mtu kwao ni kama sisi kuruka kutoka darini. Mwenye nyumba, aliyemwita yeye mwenyewe, alimnyima mshahara wa miezi miwili ili kulipa daktari wa mifugo. Yule ndugu hakwenda kulalamika popote. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 iliweka pingamizi juu ya vifungu kadhaa, kikiwemo cha kazi ya mshahara. Na mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa mijini warudi kambini, na polisi wakawakamata watu. Mtu wa Dzaleka anayajua hayo. Mwajiri naye anayajua, na wengine huyatumia kama rungu.

Ndiyo maana tunawaomba nyote, mwenye kibali na asiye nacho, muwe na daftari. Andika tarehe, jina la mbwa, saa uliyoanza, na nani alikuita. Andika pia hali ya mbwa alipokuja mkononi mwako, kama alikuwa anachechemea au ana kidonda. Mjumbe wa chama akiwa na daftari mkononi ana la kusema mbele ya mwajiri. Akiwa na machozi tu, hana.

Juu ya kuteleza maneno ni machache. Meza yenye maji ni kama barafu. Weka mpira wa kuzuia kuteleza, au kipande cha mkeka wa gari, au hata gunia lililoloweshwa na kutandazwa vizuri. Taulo juu ya mbao laini halifai, linateleza pamoja na mbwa.

Umeme nao. Tumezoea ukikatika. Ukikatika mashine ya kunyolea ikiwa imewashwa, izime mara moja, kwa sababu ukirudi itanguruma ghafla na mbwa ataruka. Wembe wa mashine hupata moto ukifanya kazi. Ujaribu kwenye ngozi ya ndani ya mkono wako kila baada ya dakika chache. Mashine ya kukausha kwa hewa ya moto isielekezwe kwa mbwa aliyefungiwa kizimbani. Mbwa hatoi jasho kama sisi, hujipoza kwa kuhema, na wale wenye pua bapa huhema kwa taabu. Mwezi wa Oktoba hapa Lilongwe, jua na kitambaa vinatosha.

Tumemsemea mbwa vya kutosha, sasa tujisemee wenyewe. Mbwa akikakamaa, akigeuza kichwa pembeni huku akionyesha weupe wa macho, au akilamba midomo bila chakula, anakuomba usimame. Simama. Akikuuma, suuza jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha nenda hospitali siku ile ile. Usiweke majivu wala pilipili. Kichaa cha mbwa, ambacho Wamalawi hukiita chiwewe, kipo nchini, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Chanjo baada ya kuumwa, ikitolewa mapema, huokoa. Mwaka 2015 huko Blantyre kampeni ya Mission Rabies ilichanja mbwa zaidi ya 35,000 katika muda usiozidi mwezi mmoja, na hapa Lilongwe chama cha LSPCA hufanya kazi hiyo ya chanjo. Kwa hiyo mwajiri hana kisingizio. Siku ya kwanza kabla hujagusa brashi, omba kuona kitabu cha chanjo cha mbwa, na uangalie tarehe.

Wenye kufanya kazi hii, wa mjini na wa Dzaleka, wapeleke majina kwa wajumbe wao ili tupange siku ya mazoezi pande zote mbili. Tutajifunza kufungua kitanzi kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika mnyama. Mbwa hatahitajika. Mfuko wa mchanga wa kilo tano unatosha, na wenye kamba nzuri waje nazo.