SOMO LA MWEZI: KAMBARE SI MMOJA

Lengo: Baada ya somo hili kila mmoja aweze kutambua samaki watano wa jamii ya kambare katika Ziwa Viktoria, na ajue kwa nini kinamasi kilindwe.

Soma kwanza: Mwanzo 1:20-22.



Tukitaja kambare, wengi hufikiria samaki mmoja tu: kichwa kipana, ndevu ndefu, ngozi bila magamba. Tena husemwa ati kambare huishi popote, hata topeni, kwa hiyo hawezi kwisha. Tuchunguze kama ni kweli. Duniani kuna zaidi ya aina 3,000 za jamii hii, na wavuvi Waluo wana majina ya wale wa ziwa letu.

1. Mumi. Huyu ndiye tunayemjua sana. Anaweza kupita urefu wa mita moja. Juu ya matamvua ana kiungo chenye matawi kama kijiti, ambacho humsaidia kuvuta hewa ya nje. Ndiyo maana haf i upesi maji yakipungua, na usiku wa mvua anaweza kujiburuta nyasini.

2. Ndhira. Wengi hudhani ni mtoto wa mumi. Kumbe ni samaki mwingine, amekomaa na ana mayai yake! Ni mdogo, anapenda kuishi katikati ya mafunjo.

3. Seu. Ana ndevu ndefu sana na mkia uliogawanyika. Huwinda samaki wengine.

4. Okoko. Ana miiba mikali mgongoni na ubavuni. Akishikwa huisimamisha wima, na hutoa sauti. Wavuvi wanajua vile anavyosumbua kwenye wavu.

5. Sire. Mwembamba ubavuni, anang'aa kama fedha. Mvua ikinyesha hupanda mito.

Sasa angalieni: kati ya hawa watano, ni mumi na ndhira tu wanaovuta hewa ya nje. Seu, okoko na sire hutegemea hewa iliyo ndani ya maji. Maji yakichafuka, hao hufa kwanza. Kwa hivyo ule msemo wa "kambare huishi popote" si kweli kwa wote.

HASARA TULIYOPATA

Mbuta waliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960. Walipoongezeka sana miaka ya 1980, seu walipungua. Kuna hata kambare mdogo wa maji ya kina, asiyepatikana mahali pengine duniani, ambaye hajaonekana kwa miaka mingi. Wataalamu wanahofia ametoweka.

Lakini tusimlaumu mbuta peke yake. Tukikausha kinamasi ili tulime, ndhira anakosa makao. Mvua za kwanza zikianza, mumi huingia kwenye maji yaliyofurika ili kutaga. Tukiziba njia kwa nyavu, tunakula mama pamoja na mayai. Na vitoto vyake huvuliwa kwa wingi viwe chambo cha mbuta.

TUFANYE NINI?

- Tuache mafunjo yasimame kando ya mto na ziwa. Yanachuja udongo na kuficha vitoto vya samaki.
- Tusizibe mito kwa nyavu wakati wa mvua.
- Vikundi vya vijana vinaweza kufuga mumi wadogo na kuwauzia wavuvi chambo. Vifaranga vinunuliwe kwa wazalishaji, maana mumi hatagi vizuri kidimbwini bila kusaidiwa.

Tunajua wako ndugu zetu wasiokula samaki asiye na magamba, kwa sababu ya Mambo ya Walawi 11. Tuwaheshimu. Hata hivyo kulinda kiumbe si lazima umle. Maji yanayomfaa okoko ndiyo tunayochota nyumbani.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Wazee wenu walijua kambare wa aina ngapi? Leo mnawaona wangapi?
2. Kinamasi kilicho karibu kimepungua kiasi gani, na nani amefaidika?
3. Kikundi chenu kitaanza na jambo gani kabla ya mvua zijazo?